Mawese Kwenye Gia

Asubuhi, hapa Katonga ufukweni, mwanga huanzia ng'ambo. Huipaka milima ya Kongo rangi ya chungwa, kisha huvuka ziwa taratibu kama mgeni asiyeijua nyumba. Na huku kwetu, chini ya vilima, bado watu wamevaa masweta na dagaa wamelala na umande wao.

Kwenye kivuli cha vilima hivyo fundi redio Dismasi aliinamia meza yake ndefu, akibembeleza kichwa cha treni ya kuchezea kisichozidi kiganja. Alikipata kwenye mitumba, na reli zake. Akakipa betri tumboni, akakipa rangi, akakipa moyo. Kilichobaki ni kukipa akili, maana kila kikiwashwa kilikoroma, kikajikuna, kikalala.

Na kule reli inakoishia, mwisho wa meza, aliketi Ritha, muuza dagaa, ulimi mkali kushinda pilipili ya Kalinzi. Dismasi alishamwomba waoane, na jibu halikubadilika:

"Treni yako ikinifikia bila kusukumwa na kidole, nitasema ndiyo. Mwanamume asiyefikisha treni mwisho wa meza, mimi atanifikisha wapi?"

Dismasi akafanya ambacho Muha yeyote angefanya kitu kikimgomea: akakipaka mawese. Mawese kwenye maharage, mawese kwenye ngozi, mawese kwenye bawaba za mlango. Gia nazo zina dhambi gani? Na kweli, mchana, jua likiwa utosini, zilicheza kama ziko harusini. Ila Ritha huja asubuhi, na asubuhi mawese huganda. Kikakoroma, kikajikuna, kikalala.

"Shikamoo, dereva," Ritha akasema. "Abiria wameanza kuota mvi."

"Tusubiri jua kidogo, bibie."

"Kwani nimeposwa na fundi au na mjusi?"

Ewe kichwa kidogo, ewe mvivu wa chuma, ungejua umebeba nini mgongoni! Huna behewa hata moja, na bado umebeba ndoa nzima.

Kesho yake Ritha alikuja na kichupa cha mafuta ya cherehani, ya shangazi yake.

"Si kwa ajili yako," akasema. "Nakihurumia hicho kiumbe."

Wakakifungua. Dismasi akakwangua mawese kwa kijiti cha kiberiti, akasugua reli kwa spiriti mpaka vumbi jekundu na shombo vikaachia. Ritha akadondosha tone, tone moja tu. Chini ya paa lake wakafunga chubwi mbili, vile vizito vya risasi vya kuzamishia nyavu, kutoka kwenye wavu mkuukuu, kitulie, magurudumu yaache kuteleza, yaume reli.

Dismasi akawasha, akaficha mikono nyuma.

Hakikukoroma. Hakikujikuna. Kilikwenda! Kikanyoosha, kikapinda, kikamaliza kona, kikaja kinaimba kwa sauti nyembamba kama nyuki mwenye ahadi, kikamfikia Ritha, na hakikusimama. Nani angefikiria breki, wakati safari yenyewe haijawahi kuisha? Kikaruka ukingo wa meza, kikatua mapajani mwake.

Dismasi akajifunika uso. "Ulisema kikufikie," akasema kati ya vidole. "Hukusema kisimame."

Ritha akakitazama kikizungusha magurudumu, kikitafuna kanga yake bila aibu.

"Nilisema kinifikie. Hiki kimehamia kabisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ndiyo. Kamsalimie baba, na ufike ukiwa na breki."

Ritha hakukizima. Ng'ambo milima ilikuwa imeshakuwa ya bluu, na ule mwanga, mgeni wa taratibu, ulikuwa umemaliza kuvuka: ukapanda mchangani, ukapita kati ya dagaa, ukaijua nyumba, ukakaa mapajani mwa Ritha na kuanza kuzunguka pamoja na magurudumu.