Viroba Viwili Mferejini

Gari langu nililishusha mwenyewe, kwa kiburi changu mwenyewe. Nilikata springi, likalala chini, na vijana wa Kaloleni wakawa wananipigia miluzi. Shida ni bampa la mbele. Tuta dogo tu, kwaruu! Na bampa langu likikwaruzwa, jamani, naumwa mimi.

Nyumbani Olmotonyi, mfereji wa maji ya mashamba unakatiza njia ya kwa mama. Jumamosi moja niliukuta mkavu. Nikajaza udongo viroba viwili, nikavitumbukiza ndani, nikapita kama msafara wa harusi. Nikala loshoro ya mama, mahindi kwa maziwa mgando, nikarudi mjini. Viroba nikaviacha mle mle, mjinga mimi.

Huku kwetu maji ni ya zamu. Jumatatu asubuhi ilikuwa zamu ya Mama Nosim, mjane jirani yetu, mwenye miche ya kabichi ya siku nne. Maji yalifika kwenye viroba vyangu yakagoma, yakamwagikia shamba la Mzee Yiamat, lililo juu ya njia. Kabichi zikakauka, migomba ya mzee ikalowa. Nani angemwamini? Kamati ya mfereji ikamwita mwizi wa maji, ikamfungia zamu mwezi mzima.

Mama akanipigia simu. "Lesian, viroba vyako nilivitoa kabla kamati haijafika. Nyamaza."

Nikanyamaza. Tena nilishukuru! Ndiyo, niliwaza watu wakijua watanicheka, mtu mzima na bampa lake.

Wiki tatu baadaye nilikwenda naye kanisani. Ikafika Meza ya Bwana. Nikasimama, nikapanga mstari, nikapokea. Nageuka, mama yuko kwenye benchi, kichwa chini. Mama yangu, ambaye hata na malaria hakuwahi kukosa!

"Mama, unaumwa?"

"Nitaendaje mezani, baba, na Yiamat amekaa mbele yangu?"

Mimi nilikuwa nimeshameza. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, nikatamani benchi linimeze na mimi.

Ibada ilipoisha nilimfuata mzee kwake. Mahindi yake yalikuwa yamejikunja majani kwa kiu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Maji yale ni mimi. Niliziba mfereji kwa viroba, gari lisikwaruzwe."

Alitazama mahindi kwanza, ndipo akanitazama.

"Najua. Asubuhi ile nilimwona mama yako akivivuta, peke yake, analia."

"Ulijua? Mbona hukusema kwenye kamati?"

"Nimtaje mama mtu mzima, mjane mwenzake Mama Nosim, asimame mbele ya watu? Kwa ajili ya bampa?" Akatema mate pembeni. "Nilikuwa nakusubiri wewe. Umechelewa sana, kijana."

Nililia, sioni haya kusema nililia. Nikamwomba twende wote kwa mwenyekiti wa mfereji, kisha kwa Mama Nosim. Akakubali, akapanda gari langu, kiti cha mbele.

Tulipofika mferejini, kwa mazoea mguu wangu ukakanyaga breki. Mzee akanigeukia.

Nikapita moja kwa moja. Kwaruuu, mpaka mwisho. Sikushuka kuangalia.