Mahema Arobaini, Watu Hakuna

Jana mchana niliota, kichwa juu ya kibodi, ugali wa mchana bado haujashuka vizuri tumboni. Tafadhali usinicheke.

Niliota nimesimama getini kwa makao makuu ya misaada, na kambi nzima nimeibeba kichwani kwenye sinia. Mahema arobaini, watu mia tatu na ushee, wametulia tuli. Nzito? Wala. Hilo lingetosha kunishtua, lakini ndotoni mtu huwa mjinga.

Nieleze kwanza kazi yangu. Mimi naitwa Nyamizi, naandika programu za kompyuta. Kambi ya waliokimbia mafuriko ina orodha ya mahema, na ndani ya kila hema mna orodha ya watu. Programu yangu inazigeuza orodha hizo kuwa XML, yaani maandishi ambayo kila kitu hukaa kati ya alama mbili zenye jina, moja ya kufungua na moja ya kufunga, kisha inazituma makao makuu kwa mtandao. Huko wanapakia lori kwa kufuata walichopokea: jina moja, blanketi moja, unga wa wiki. Lori lilikuwa liondoke saa kumi jioni, na baada ya hapo barabara ingefungwa kwa sababu ya maji. Nilituma saa sita, jibu likaja: Imepokelewa. Nikaenda kula. Na humo kambini, hema la kumi na saba, yumo mama mdogo Kalunde, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne.

Basi. Getini wamesimama walinzi wawili, ni yale mabano yanayolishika jina la kila alama, wembamba, viwiko vimechongoka, mmoja kaelekea kushoto na mwingine kulia.

"Shikamooni."

"Marahaba. Umebeba nini?" anauliza wa kushoto.

"Kambi."

"Ina jina?"

"Inaitwa kambi."

"Ipite. Hayo mahema nayo?"

"Kila moja linaitwa hema."

"Yapite."

Yanapita moja moja, yakiinama mlangoni kwa adabu. La mwisho likishaingia, naona watu wote wamebaki upande wangu, wamekaa kwenye matope kwa mafungu arobaini.

"Jamani, na hawa?"

"Hawa kina nani?"

"Watu wa ndani ya mahema!"

Mlinzi anatazama pale walipo watu mia tatu, haoni kitu. "Orodha iliyo ndani ya orodha, isipovaa vazi lenye jina lake, kwetu ni hewa," anasema kwa upole. "Hatuikatai, dada. Haipo tu."

Na mimi sheria hiyo niliijua! Niliisoma kwa macho yangu haya. Ila siku ya kuijaribu programu nilitumia mahema matupu, kwa sababu kwetu kumwandika mtu mzima wa afya kwenye orodha ya maafa ya kuigiza ni uchuro. Bwana Mbelwa, mkuu wangu, aliniunga mkono kabisa. "Usimwombee mtu mabaya," alisema. Mahema yakaenda matupu, yakafika matupu, tukapongezana na soda tukanywa. Mungu wangu, tulikunywa soda.

Geti limekuwa kibanda cha fundi nguo. Fundi hayupo. Cherehani inashona peke yake.

"Nishonee mavazi arobaini," naiambia. "Yaandike jina 'watu'."

"Hilo lilitakiwa kabla hujatuma," inajibu bila kusimama. "Saa hizi nashonea jina ambalo mteja analo mwilini. Unayo mangapi?"

"Moja."

"Pole sana," inasema cherehani, na inaonekana inamaanisha.

Watu wote wananitazama. Mama mmoja mjamzito wa hema la tano anasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Dada, usitusahau."

Mama mdogo Kalunde anasimama. "Nyamizi, usithubutu. Wape hao wa hema la tano. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha."

"Nyamaza, mama."

"Unaninyamazisha mimi?"

"Nakunyamazisha."

Sijawahi kumjibu hivyo maishani mwangu. "La kumi na saba," naiambia cherehani. Inanivua jina haraka haraka, kama mtu anayemenya ndizi, inalishona kuwazunguka watu tisa. Wanapita. Mama mdogo haangalii nyuma. Walinzi wanafunga kwa mpangilio unaotakiwa, wa ndani kabisa kwanza, kisha hema, kisha kambi, na ikishafungwa kambi hakuna kinachoingia tena.

Tumebaki nje, mimi na hao wengine wote. Nalia kwa kwikwi. Yule mama mjamzito ananipa pembe ya kanga yake nijifute, wala hanilaumu.

Bwana Mbelwa aliniamsha kwa kunigusa bega. Ilikuwa saa kumi na robo.

"Makao makuu wametuma walichopokea," alisema. "Lori limeshaondoka, na barabara wameifunga. Lakini kuna kitu sikielewi hapa."

Alinigeuzia skrini. Mahema thelathini na tisa yalikuwa matupu. Hema la kumi na saba lilikuwa na watu tisa, wa kwanza wao Kalunde. Alama iliyowafungua iliandikwa Nyamizi, na iliyowafunga iliandikwa Nyamizi.

"Hii programu imechaguaje hema moja?" aliuliza. "Nimeipekua yote. Hakuna mahali imeambiwa ichague."

"Haikuchagua programu," nilimwambia. "Nilichagua mimi."