Ufa wa Barafu

Mwaka wa Azimio la Arusha, vijana wa Korogwe tulipanda Kilimanjaro tukiwa tumefungana viunoni kwa kamba ya katani. Tulipokuwa tukivuka barafu, Mwantumu, mwenzetu kutoka Kilole, aliteleza, akatumbukia kwenye ufa. Kamba ikamburuta Lukasi, aliyekuwa nyuma yake, mpaka ukingoni.

"Kata kamba, Lukasi, usije ukafa nami," Mwantumu alisema kutoka chini.

"Nyamaza. Shika kwa mikono miwili."

Sisi wengine tulikaa chini, tukakita visigino kwenye barafu, tukavuta taratibu huku viganja vikichunika. Mwantumu akatoka. Kiongozi aliyetupandisha mlima akauliza kama tuendelee kileleni. Mwantumu akageukia njia ya kushuka, nasi tukamfuata.