Jino Lililozidi Kimo

Jilala alipopata dhahabu yake ya kwanza Geita, mwaka sabini na nne, hakununua ng'ombe. Alimwita mkewe Mbuke kutoka Songwa, akampeleka kwa fundi, na jino lake la juu lililokatika ncha, lile jirani na chonge, likavishwa kofia ya dhahabu. Mbuke alirudi kijijini akicheka hata pasipo na la kuchekesha, ili mradi watu waone.

Wiki ya pili mambo yakageuka. Taya la kushoto lilimuuma mbele ya sikio, na kila akipiga mwayo lilialika, ka! Akadhani ni sikio, akalitia mafuta vuguvugu. Wapi! Karanga akaacha, nyama akaacha, akabaki na uji. Moyoni alijua maumivu yalianza na jino, lakini atamwambiaje Jilala? Mtu aliyeshinda shimoni miezi minne akimfikiria yeye!

Jilala, aliyekwisharudi kulima pamba, aliona mkewe hacheki tena. Siku moja wakipalilia, akatupa jembe chini.

"Mama Mabula, niambie kweli. Hulipendi jino?"

"Nalipenda mno, Baba Mabula," akasema Mbuke, machozi yakimlenga. "Lakini linaniua."

Kesho yake walikuwa Shinyanga mjini, kwa mganga wa meno aitwaye Stanslaus.

"Mwangaluka, mayo," alimwamkia Kisukuma, kisha akambonyeza mbele ya masikio huku akimwambia apanue kinywa na kufumba. "Sasa fumba polepole. Meno gani yanatangulia kukutana?"

Mbuke akafumba, akashtuka. "Hili peke yake!"

Stanslaus akamng'atisha kipande cha karatasi ya kaboni. Doa jeusi likabaki juu ya dhahabu tu.

"Kofia imezidi kimo," akasema. "Ili meno mengine yakutane, taya linalazimika kusogea pembeni kila unapotafuna, na kiungo chake kinachoka. Si kila taya linauma kwa sababu hii, mama, lakini lako linajieleza."

"Utaling'oa jino?" akauliza Jilala.

"Nitalipunguza kidogo."

Mashine ikavuma. Jilala akashindwa kuvumilia. "Taratibu, daktari! Mimi nimechimba miezi minne, wewe unasaga kwa dakika mbili!"

Mbuke akaangua kicheko, ikabidi mashine izimwe kwanza.

Njiani kurudi alisema, "Laiti ningekuambia siku ile ile lilipoanza kuuma."

"Siku ile ile ningenuna," Jilala akakiri. "Siku ya pili ningekuleta."

Taya halikupona mara moja. Mbuke alikula vyakula laini, akajikanda kwa kitambaa cha moto, na maumivu yakapungua kidogo kidogo. Pamba ilipopasuka, yalikuwa yamekwisha. Akachuma akiimba kwa sauti yote, wanawake wa shamba la jirani wakamwitikia, na Jilala akakaa juu ya gunia kusikiliza, mpaka mkewe alipomrushia donge la pamba.

"Na wewe chuma!"