Safu ya Juu ya Mama

Mama alipoacha kula, sisi wanawe tulianza kujiandaa kwa msiba. Hakuna aliyesema waziwazi. Dada yangu mkubwa aliniambia tu, "Mdogo wangu, usiache kwenda kumwona," nami nikaelewa.

Miezi mitano kabla ya hapo kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia. Mkono ukalegea, ulimi ukawa mzito. Mlango wa choo nyumbani kwangu haupitishi kiti cha magurudumu. Mimi ni seremala, na niliupima mara tatu nikitumaini futi itanionea huruma. Ndipo tukampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwanzoni alijitahidi. Baadaye akaanza kusukuma sahani na kununa, na siku moja akamzaba kofi mhudumu aliyemshika kidevu. Kwenye faili wakaandika: mkaidi, hali inazidi kuwa mbaya. Mama aliyezalisha wanawake kwa miaka thelathini na minane, hata mtaa mzima ukamwita Mkunga, akawa mtu wa uji mwepesi na kutazama ukuta.

Jumamosi moja asubuhi nilimkuta mhudumu mgeni, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ameinama karibu na uso wa mama.

"Kaka, mama yako ana meno yake mwenyewe?"

"Yote," nikajibu kwa fahari. "Tunamsifia hayo tangu zamani."

"Hata faili linasema hivyo. Lakini kinywa hiki kinanuka kidonda. Na meno ya umri huu hayapangiki sawa namna hii."

Hakumgusa. Alivuta stuli, akakaa chini kuliko mama, beseni mapajani. "Shikamoo, mama. Sitakufungua kinywa. Utafungua mwenyewe ukitaka. Nionyeshe tu panapouma."

Mama alinitazama, machozi yakimlengalenga. Nilidhani ananiomba nimfukuze yule mama. Kumbe anayefukuzwa ni mimi: aliinua mkono wa kushoto, akanionyesha mlango.

Nikasimama koridoni kama mume anayesubiri mkewe ajifungue. Nilisikia maji, mguno, kisha kitu kikaanguka kwenye beseni. Nilipoitwa, nilikuta humo safu nzima ya meno ya juu, na ufizi wake wa bandia, vimegandwa na uchafu wa kijani.

Nilibaki mdomo wazi. Mama naye alikuwa ameufunika wake kwa khanga.

Kwa maneno ya kukatikakatika, alitueleza. Alitengenezewa meno yale miaka ishirini nyuma, alipotuaga kwamba anakwenda semina ya wiki mbili. Tangu hapo, kila siku kabla ya kulala alijifungia bafuni akayavua na kuyasugua. Hata marehemu baba hakuyaona. Kiharusi kilipomnyima mkono wa kulia, wa kushoto peke yake haukuweza kuyabandua. Kumwambia mtu, aliona haya. Basi yalikaa humo miezi mitano.

Nilitaka kucheka, lakini mhudumu alikuwa bado akimmulika tochi kinywani. Ufizi ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi, na pembeni palikuwa na kidonda chenye kingo ngumu.

Jumanne alikuja daktari wa meno na mkoba wake, binti wa kuweza kuwa mjukuu wa mama.

"Pumua polepole, bibi," alimwambia.

"Uthinifundithe kupumua," mama akajibu bila meno ya juu. "Hata mama yako huenda nilimfunditha mimi."

Tukacheka sote. Tangu augue, hakuwa amesema sentensi ndefu kama ile.

Daktari alisema ni fangasi, na kidonda huenda kimetokana na kubanwa. "Huenda," alirudia. "Meno yakae nje. Dawa mara nne kwa siku, na kinywa kisafishwe asubuhi na jioni, hata kama juu hakuna jino. Narudi baada ya wiki mbili. Kidonda kisipofunga, tutakata kipande tukakipime."

Wiki mbili zile nilikata mbao mbili vipimo ovyo. Kila jioni nilipitia kwa mama. Mhudumu alinifundisha kumkalisha wima na kupitisha mswaki laini kwenye ufizi na ulimi. Mara ya kwanza nilisugua kwa nguvu mno.

"Taratibu," mama akanung'unika. "Hiyo thi mbao."

Siku ya daktari kurudi, dada naye alikuja. Tochi ikamulika kushoto, kulia, juu. Daktari akabonyeza kwa kidole. Alirudia kubonyeza palepale, hata dada akanifinya mkono.

"Kimefunga," alisema mwishowe. "Ufizi umepona. Hakuna cha kukata."

Dada alijikuta ameketi sakafuni, mkoba na yote. Mimi nilitoka koridoni nikaegemeza paji la uso ukutani, nikalia machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mhudumu akapita, akanipiga begani mara moja, akaendelea na shughuli zake. Faili alikuwa ameshalisahihisha, na katika kukagua vyumba vingine alikuwa amegundua wazee wawili wenye siri kama ya mama.

Daktari aliyachonga meno palipokuwa panabana, akayajaribisha, akayachonga tena. Mimi najua kazi ya kulinganisha viungo. Yule binti ni fundi.

Mama aliomba yai la kuchemsha na mkate. Dada akainama kutaka kumlisha.

"Niache," mama akasema. "Na msinikodolee macho, nitapaliwa."

Tukageuka kutazama dirishani. Alikula kwa dakika arobaini, na hakuna aliyemharakisha.