Mkono wa Wachuka

Ijumaa saa mbili asubuhi, Wachuka alikuwa akifua vitambaa vya meza ya Bwana kwa maji ya kisima cha Kamere, mkono wake wa kulia ulipogeuka mwekundu hadi kwenye kifundo. Akausuuza kwa maji ya mvua, ukarudi rangi yake. Akamshukuru Mungu, akaendelea kukamua.

Kufikia Jumapili majirani walikuwa wamepanga mitungi mlangoni. Aliuchovya mkono katika mmoja baada ya mwingine. Kisha akaja Kibii, mpimaji maji, na vichupa vyake vya dawa inayobadilika rangi ikikutana na floraidi, yale madini yanayotia meno rangi ya chai. Kichupa kikawa chekundu, mkono ukawa mwekundu. Akavilinganisha kwa muda.

"Mkono wako unasoma vizuri kuliko dawa yangu, mathe," alisema, akabandika karatasi kisimani kwamba maji hayo wasipewe watoto. Watu wakaendelea kuteka.

Mzee Muiruri, mwenyekiti wa kisima, akacheka na meno yake ya kahawia. Alisema hayo meno ndiyo kitambulisho cha Kamere. Hata ukutane na mtu wako Mombasa, akicheka tu umemjua. Lakini Wachuka alikuwa akimlea mjukuu wake Shiru, wa miaka mitatu, na meno yake ya ukubwani yalikuwa bado yanajengeka ndani ya fizi. Alitaka yatoke meupe. Akawa anampa maji ya mvua tu.

Wiki iliyofuata shamba la maua la kando ya ziwa likamtumia gari, aje kuwapimia maji. Waridi, supavaiza alimweleza, halivumilii floraidi, majani huungua kingo. Ndiyo maana walivuta bomba kutoka mlimani. Wachuka akasimama wima katikati ya maua, akasali kidogo, akachovya mkono kwenye maji ya bomba. Ukabaki vile Mungu alivyouumba.

"Haya ndiyo maji ya mtoto," alisema. "Nipatie mtungi mmoja tu."

"Hii ni ya maua, shosho. Nikikupa wewe, kesho Kamere yote iko hapa."

Supavaiza akaandika "safi", akamwomba aje kila asubuhi. Kamere ikaona fahari: katika mashamba yote ya ziwani, ni hilo tu lililotegemea mkono wa mtu wao. Kanisani alipewa kiti cha mbele, naye akakikalia bila kuinamisha kichwa.

Januari mvua ikakatika, pipa lake la maji ya mvua likakauka. Jioni moja Shiru akalia kiu. Wachuka akateka kikombe kisimani, akachovya kidole, kikawa chekundu. Akayaombea yale maji, akampa, akamwambia anywe polepole.