Mstari wa Mwaka wa Nzige

Monasteri ya Grimesau ilikuwa na desturi iliyowafaa sana wavivu. Pembeni mwa jedwali la tarehe za Pasaka, kila mwaka ulipewa mstari mmoja tu wa kumbukumbu. Mfalme afe, mto ufurike, ndama azaliwe na vichwa viwili, yote yajibanze humo humo. Mwaka ambao mwandishi alisahau ulibaki mtupu, na vizazi vijavyo vidhani watu walilala miezi kumi na miwili.

Mwandishi alikuwa Bruda Ratgar, mtu wa mwandiko mzuri na moyo mwoga. Mwaka 873 haukumwacha bila kazi. Mwezi Agosti nzige walishukia Hasla, kijiji alikozaliwa, wakala ngano yote na mboga juu yake. Wanakijiji wakaja mlangoni pa monasteri kuomba nafaka. Ghala lilikuwa limejaa pomoni, ila funguo alikuwa nazo Abate Gundram, na Abate alikuwa kwenye tafakuri, hataki kusumbuliwa. Alitafakari wiki tatu nzima. Watu kumi na tisa walikata roho pale nje, akiwemo shemeji yake Ratgar. Waliobaki waliingia msituni kuokota mbegu za mialoni wasage unga.

Abate alitoka, tafakuri ikiwa imemnenepesha kidogo, na miezi ikapita kabla hajamwita Ratgar kwenye chumba cha kuandikia. Hiyo ilikuwa Desemba. Abate hakupenda kuharakisha historia.

"Mwanangu, mwaka huu tuna makubwa. Andika hivi: yalifika masalia, jino la Mtakatifu wetu, nzige wakakimbia."

"Nzige waliondoka Septemba, Baba Abate. Jino limekuja juzi."

"Walisikia linakuja. Halafu malizia: watu wa Hasla waliyaacha mashamba yao kwa hiari."

Ratgar aliijua hesabu hiyo. Shamba la marehemu hurithiwa na wanawe. Shamba lililoachwa kwa hiari huingia mikononi mwa monasteri. Mwamuzi wa mfalme alitarajiwa baada ya Pasaka, na mbele yake kitabu kilikuwa shahidi asiyepingwa.

"Na wale waliokufa, Baba?"

"Mstari ni mmoja, Ratgar. Au unataka tumpunguze Mtakatifu?"

Ratgar angeweza kukataa. Angeweza pia kuota mbawa. Aliufyata, akaandika kwa mwandiko wa kupendeza, na herufi ya kwanza akaipamba kwa wino mwekundu.

Wiki ya Pasaka dada yake, Imma, alitoka msituni na wanawe wawili, wote mifupa mitupu, akamwita langoni.

"Kaka, nasikia umeshauandika mwaka wetu."

"Nimeuandika."

"Mume wangu yumo?"

Hapo ndipo mtu mzima, msomi, mcha Mungu, alipotazama viatu vyake. "Yumo. Nimeandika kwamba watu wa Hasla walikufa njaa mlangoni petu wakiomba nafaka."

Imma alimshika mikono, akalia. "Basi shamba la wanangu limepona. Majirani saba walitaka kuja kunitolea ushahidi, nitawaambia wasijisumbue. Nani atawasikiliza walaji wa mbegu kama sisi, na kitabu kipo?"

Ratgar angemwambia ukweli pale pale. Muda ulikuwepo, tena wa kutosha. Badala yake alimpa mkate, akarudi ndani akijiona mtu mwema. Aibu ilimjia baadaye, wakati wa chakula, lakini alimaliza bakuli lake.

Siku ya hukumu ilifika. Mwamuzi, bwana mwenye upanga mrefu na asiyejua hata herufi moja, alikaa barazani mwa kanisa. Abate aliongea sana. Imma aliongea kidogo.

"Bwana, mashahidi sikuleta. Naomba kitabu kifunguliwe."

"Nami naomba hivyo hivyo," alisema Abate, na Imma, maskini, akamshukuru.

Wakamwita Ratgar asome, na ageuze Kilatini kiwe lugha ya watu. Mwamuzi asingejua tofauti. Abate angejua, na alisimama nyuma ya msomaji karibu mno, ananuka kitunguu. Ratgar alitazama wanawe Imma, akatazama mstari wake mzuri. Akasoma kilichoandikwa: jino, nzige, mashamba, hiari.

Imma hakulia safari hii.

"Kaka, hicho ndicho kitabu kile kile?"

"Ndicho."

"Basi nisomee tena. Taratibu, watoto hawakusikia vizuri."

Mwamuzi hakuwa na haraka, akaruhusu. Ratgar akaweka kidole mwanzo wa mstari, akasoma tena yale yale, taratibu.